Mbona Baba Yule Hajavaa Suruali?

Daladala imejaa, foleni haisogei, na mtoto wa miaka minne anauliza kwa sauti inayomfikia hata konda mlangoni: "Mama, mbona baba yule hajavaa suruali?" Mmasai aliyeketi kiti cha mbele, shuka jekundu begani na rungu mapajani, amesikia. Mama anamfinya mtoto.

Sisi tunaowalea watoto wa shule za awali tunausikitikia sana mfinyo huo. Mtoto huyo hajakosa adabu. Uwezo wa kukisia jinsi maneno yake yatakavyomgusa mwingine ndio kwanza unachipuka katika umri huo. Anachojua ni alichokiona: mababa wa mtaani kwao huvaa suruali, Ijumaa wengine huvaa kanzu, na huyu yuko tofauti. Anatafuta kanuni.

Tena swali lake ni zito kuliko linavyosikika. Mwaka 1969 mtafiti Rheta DeVries alichapisha utafiti uliotumia paka mpole aliyeitwa Maynard. Watoto walimzoea kwanza, kisha paka akavishwa kinyago cha mbwa mkali. Wa miaka mitatu walielekea kuamini kwamba sasa ni mbwa. Wa miaka sita walijua ni paka yuleyule. Kwa mtoto mdogo, kinachoonekana nje ndicho kitu chenyewe. Ndiyo maana mlinzi wa mtaa aliyezoeleka kwa shuka akipita siku moja amevaa jinzi, mtoto anaweza kuuliza Mmasai ameenda wapi.

Ukimnyamazisha, swali halifi. Atajijibu mwenyewe, na mara nyingi atajijibu kwa hofu. Hofu hiyo wengine tunaichochea nyumbani: "Usipokula, namwita Mmasai akuchukue!" Tunamtisha mtoto kwa mtu anayekesha getini ili sisi tulale. Nawasihi wazazi, waiache kabisa kauli hiyo.

Jibu linalomfaa mtoto wa miaka minne ni fupi: "Hilo ni shuka, vazi la Wamasai. Hulifunga begani, na kukiwa na baridi hujifunika." Basi. Wa miaka tisa anaweza kubeba zaidi. Mwambie kwamba zamani Wamasai walivaa ngozi, na kwamba vitambaa na shanga za kioo viliwafikia kwa njia ya biashara. Mwambie pia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka waache mavazi yao na kuvaa kama watu wengine. Hapo atauliza kama ilikuwa haki. Mwache abishane, umri huo una kiu ya haki. Akiwaona kando ya barabara ya Ngorongoro vijana waliovaa nyeusi na kujichora nyuso kwa rangi nyeupe, mweleze kwamba wametoka kutahiriwa, na kwamba picha haipigwi bila ruhusa yao.

Je, mwenye vazi akisikia, kama kwenye daladala ile? Mgeukie: "Samahani kaka, mwanangu anaulizia shuka lako." Mtoto amwamkie kwanza, asiguse rungu wala shanga. Huenda kaka huyo akafurahi kueleza mwenyewe. Huenda pia ametoka lindo la usiku na anataka kusinzia tu. Basi mama amalizie jibu, kwa sauti ileile mtoto aliyoulizia.