Ukoo wa Nzi wa Matunda: Yupi Mwenyeji, Yupi Mgeni?

Mkulima wa Karungu, kando ya Ziwa Victoria, aweza kuchuma embe zuri la kupendeza macho, na akilipasua akute funza weupe wakitambaa ndani yake. Hapo wengi husema, "Ni nzi tu," nao hulitupa embe chini ya mti. Kusema hivyo ni kosa, na kulitupa embe lile ni kosa kubwa zaidi. Nzi hao si wa aina moja, na asiyejua ukoo wa adui yake hawezi kumpiga vita ipasavyo.

Kwanza tuwatenge wale vijinzi wadogo sana warukao juu ya ndizi zilizoiva mno. Hao huitwa Drosophila, na wengi wao hula chachu ya matunda yanayooza, wala hawaharibu tunda lililo zima. Waharibifu wetu ni wa ukoo mwingine uitwao Tephritidae, wenye aina zaidi ya 4,000 duniani. Jike hutoboa ganda la tunda na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama ya tunda, kisha hushuka udongoni, hujifunga katika ganda dogo kama punje ya nafaka, na baada ya siku chache hutoka nzi wapya.

Wajaluo huuita mlango wa nyumba dhoot, na neno hilo hilo ndilo jina la ukoo, maana watu wa mlango mmoja wametoka kwa mzazi mmoja. Wataalamu wa wadudu hupanga nzi kwa njia iyo hiyo: aina zilizotokana na mzazi mmoja wa zamani huwekwa katika mlango mmoja.

Mlango wa Ceratitis ni wa wenyeji wa Afrika. Mbawa zao zina mabaka na mistari. Humo yumo Ceratitis cosyra, adui wa zamani wa maembe, na Ceratitis capitata, aliyetoka Afrika akaenea katika nchi nyingi za ng'ambo. Mlango wa Bactrocera una asili hasa katika Asia na nchi za Pasifiki. Mbawa zao ni angavu, zenye utepe mweusi mwembamba ukingoni, na umbo lao hufanana kidogo na nyigu.

Mwaka 2003 nzi wa mlango huo wa Asia alionekana pwani ya Kenya, naye akaenea upesi katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina jipya, Bactrocera invadens, yaani mvamizi, wakidhani ni aina ya peke yake. Lakini wengine waliona kwamba anafanana mno na Bactrocera dorsalis, aliyejulikana Asia tangu mwaka 1912. Wakapima maumbo yao, wakachunguza chembe za urithi, na wakawaweka pamoja waone kama watapandana. Walipandana, na watoto wao wakazaa. Kwa hiyo mwaka 2015 jina la invadens liliondolewa, na mvamizi akarudishwa katika jina la ndugu zake, dorsalis.

Msomaji atauliza, "Jina linamfaa nini mkulima?" Linamfaa sana. Mwaka 2007 Afrika ya Kusini ilifunga soko lake kwa maparachichi ya Kenya kwa ajili ya nzi huyo. Tena, maadamu mvamizi alihesabiwa kuwa aina ya peke yake, hata nchi iliyokuwa na dorsalis ingeweza kukataa matunda kwa hofu ya invadens, kumbe mdudu ni mmoja!

Faida ya pili ni mitego. Harufu ya methili eujenoli huwavuta madume wa dorsalis, lakini madume wa cosyra na capitata hawaifuati. Atakayetega kwa harufu isiyo ya ukoo wa nzi wake atapoteza fedha bure.

Faida ya tatu ni marafiki. Wako nyigu wadogo wa Afrika wanaotaga mayai ndani ya funza wa Ceratitis na kuwaua. Walipojaribiwa kwa mgeni, mwili wa funza uliyazingira mayai yao na kuyafisha. Hapo kituo cha wadudu cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na chenye tawi huko Mbita, kilileta kutoka Hawaii nyigu aitwaye Fopius arisanus, ambaye hutaga ndani ya mayai ya nzi huyo na kumshinda.

Basi, ewe mkulima, usiache embe lililoanguka chini ya mti. Liokote kila siku, ulifukie katika shimo lenye kina cha zaidi ya nusu mita, na ushindilie udongo. Au tumia hema dogo lililofungwa vizuri, lenye wavu wa matundu madogo juu: nyigu hupenya akatoka, nzi hubaki ndani akafa. Wala usifanye peke yako, kwa kuwa nzi hajui mpaka wa shamba. Jirani asiposafisha shamba lake, funza wake watakuwa nzi wako.