Hati Katika Chombo cha Udongo

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kutunza habari. Pengine mtauliza, "Habari gani hizo?" Ni zile ndogo ndogo za kila siku: nani ametoa mchango, karo ililipwa lini, hati ya shamba iko wapi. Zamani ziliandikwa daftarini, au karatasi zikafichwa chini ya godoro. Siku hizi nyingi zimo ndani ya simu, nasi tumezoea kudhani kwamba kilichomo ndani ya simu kimekwisha kutunzwa.

Msimu mmoja wa kupanda tulimtembelea mzee mmoja wa kanisa karibu na Kitale. Ninyi wa Trans Nzoia mnajua jinsi mbolea ya ruzuku inavyopatikana. Mkulima husajiliwa, kisha hupata ujumbe kwa simu, ndipo huenda ghalani na kitambulisho chake kununua. Mwaka 2023 bei ya gunia la kilo 50 ilishushwa kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500, na hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye ekari tano za mahindi. Basi simu ya mzee wetu ikawa imejaa, naye akaanza kufuta. Akafuta salamu za Krismasi, akafuta matangazo ya kamari (na hapo alifanya vyema), akafuta na ujumbe wa mbolea. Alizunguka siku tatu kati ya ofisi ya chifu na ghala kabla ya kusaidiwa, huku mvua imekwisha kuanza na majirani wanapanda.

Hasara ya mzee ilikuwa ya siku tatu tu. Huko Bungoma tulikuta jambo zito zaidi.

Mama mmoja alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama waliokuwa wakichanga fedha za mabati. Wengi walimtumia kwa M-Pesa, wengine walimpa mkononi baada ya ibada, naye aliandika majina yote katika simu yake. Asubuhi moja simu hiyo ilitumbukia ndani ya karai la maji ya kufulia, isiwake tena. Alikwenda na kitambulisho akarudishiwa laini yake siku ile ile, na fedha zote zilikuwapo. Lakini orodha ya waliochanga ilikuwa imekwenda. Mnajua jinsi mambo yanavyokuwa. Kabla ya Jumapili, maneno yalikuwa yamekwisha kupita kisimani na sokoni kwamba mama fulani "amepoteza" hesabu.

Hapa yafaa tueleze kidogo, kwa maana wengi huchanganya mambo haya. Fedha za M-Pesa hazikai ndani ya simu. Tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007, hesabu zake huwekwa katika mitambo ya kampuni. Simu ni mlango tu wa kuingilia. Lakini ujumbe uliopokea, picha ulizopiga na maandishi uliyoandika hukaa ndani ya simu yenyewe, isipokuwa umeziweka na mahali pengine. Kwa hiyo ukipata laini mpya utapata namba yako na fedha zako, wala hutapata maandishi yako.

Kijana mmoja wa kanisa alimsaidia mama kuomba taarifa ya M-Pesa, ambayo hutumwa kwa barua pepe na kufunguliwa kwa namba ya siri. Ikaja, ikiwa na kila jina, tarehe na kiasi. Wote waliotuma kwa simu walionekana. Dada wawili waliotoa mkononi hawakuonekana popote. Kikundi kiliwaamini, na mama akalipa shilingi 1,200 kutoka mfukoni mwake, ingawa hakuna aliyemwambia alipe. Sisi tuliokuwapo tuliona haya.

Mnakumbuka Yeremia alivyonunua shamba la Anathothi kwa binamu yake Hanameli, kwa shekeli 17 za fedha. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, na nabii mwenyewe alikuwa kizuizini. Hata hivyo fedha zilipimwa mizanini, mashahidi wakatia sahihi, na hati zikawa mbili, moja imetiwa muhuri na moja iko wazi. Kisha Baruku akaagizwa aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu. Mtu asiyejua kama mji utasimama mpaka kesho alitaka nakala mbili! Nasi wa siku hizi tunatembea na nakala moja tu mfukoni, kwenye matatu ya Webuye.

Nakala ya pili si jambo gumu. Kama simu yako ni ya kugusa kioo, weka majina na picha katika akaunti ya Google, nazo zitakufuata kwenye simu nyingine. Piga picha hati ya shamba na vyeti vya watoto, ukijua kwamba picha husaidia kutafuta tu. Hati yenyewe haina badala. Kama una mulika mwizi, daftari la shilingi chache latosha, mradi liandikwe siku ile ile.

Kuna nakala ya wazi, na kuna ya muhuri. Michango na isomwe mbele ya wote. Namba za vitambulisho vya washirika hazifai kutupwa katika kundi la WhatsApp. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019, nayo haikuyaacha makanisa nje. Namba yako ya siri usimpe mtu. Lakini mke wako, au mume, na ajue una akiba katika SACCO gani na benki ipi. Sheria ya mwaka 2011 ilianzisha mamlaka ya kushika mali isiyodaiwa na wenyewe, na mara nyingi haidaiwi kwa sababu marehemu hakumwambia mtu.

Yule mama wa Bungoma angali mweka hazina. Kila Jumamosi jioni binti yake humsomea ujumbe mmoja mmoja, naye huandika daftarini. Mwisho wa mwezi ukurasa hupigwa picha, na picha hupelekwa kwa katibu. Wale dada wawili nao sasa hutuma kwa simu, hata kama ni shilingi 50.