Je, Wajua? Mchuzi wa Kijapani Ulipitia Uingereza
Mchuzi wa bizari unaopendwa majumbani Japani haukutoka India moja kwa moja: uliletwa na Waingereza enzi ya Meiji (1868–1912). Ndiyo maana ni mzito, kwa mtindo wa Waingereza wa kutumia unga. Unga wa ngano hukaangwa kwa siagi, moto mdogo, hadi ugeuke rangi ya kahawia, ndipo bizari itiwe. Kisha huchanganywa na nyama, viazi, karoti na vitunguu vilivyokwisha kuiva pamoja na supu yake. Wengine hukunia tufaha humo, jambo ambalo fundi wa pilau atalitilia shaka mpaka aonje. Huliwa na wali, kwa kijiko, si vijiti. Wanamaji wa Japani huandaliwa mchuzi huu kila Ijumaa, na kila meli hujigamba kwa mapishi yake.