Sauti Inayomzunguka Msikilizaji

Mtu akienda kununua sabufa au mashine nyingine ya muziki katika mji wa Babati, kama ilivyo katika miji mingine ya nchi yetu, hukuta sanduku lililojaa tarakimu: 5.1, biti 24, kilohezi 96. Huambiwa kwamba kadiri tarakimu zilivyo kubwa, ndivyo muziki utakavyosikika vizuri zaidi. Fedha inayodaiwa si ndogo, nayo hutoka katika mfuko wa mzazi, mwalimu au shule. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi ahadi hizo zinavyoweza kupimwa kwa fizikia ileile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Hapana budi kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huuzwa pamoja. Ahadi ya kwanza ni ya mwelekeo: kwamba sauti zitamjia msikilizaji kutoka mbele, kando na nyuma. Ahadi ya pili ni ya usahihi: kwamba wimbi la sauti limepimwa kwa vipimo vingi na vidogo kuliko vya sahani ya kawaida ya CD. Sikio la binadamu halizipokei ahadi hizi mbili kwa namna moja.

1. Kazi ya masikio mawili

Mvuvi aliye ndani ya mtumbwi katika Ziwa Babati kabla ya mapambazuko, akisikia kiboko akikoroma, hana nafasi ya kutafakari. Kichwa chake kimekwisha kugeukia upande wa hatari. Je, amejuaje upande huo gizani?

Sauti itokayo kulia hulifikia sikio la kulia kwanza. Ili kulifikia la kushoto, hulazimika kukizunguka kichwa, yaani kusafiri kiasi cha sentimita 22 zaidi. Kasi ya sauti hewani, kwa mita katika sekunde, ni 331 + 0.6t, ambapo t ni joto katika nyuzi za Selsiasi. Kwa nyuzi 20 tunapata mita 343. Basi sikio la mbali hucheleweshwa kwa 0.22 ÷ 343, yaani kama sekunde 0.00064 tu. Ubongo huupima muda huo mfupi na kuutafsiri kuwa mwelekeo. Mwanafunzi akumbuke kwamba wepesi wa hewa ya nyanda za juu haubadilishi kasi hiyo. Joto ndilo linaloibadilisha. Asubuhi ya nyuzi 15 mjini Babati kasi ni mita 340, na mchana wa nyuzi 30 Dar es Salaam ni mita 349.

Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza kwamba njia ya muda hutumika zaidi kwa sauti nzito, zenye mitetemo michache kwa sekunde. Kwa sauti nyembamba, zenye mitetemo mingi, urefu wa wimbi huwa mdogo kuliko kichwa, hivyo kichwa hutia kivuli na sikio la mbali husikia kwa udhaifu zaidi.

Jaribio. Chukua mpira wa maji wenye urefu wa mita 2 na uweke alama katikati yake. Mwanafunzi akae, aweke ncha moja katika kila sikio bila kuisukuma ndani, na mpira upite nyuma ya mgongo wake. Mwenzake augonge taratibu kwa penseli, mara katikati, mara kando kidogo ya alama. Ukigonga sentimita 1 kando ya alama, njia mbili za sauti hutofautiana kwa sentimita 2, sawa na sekunde 0.00006 hivi. Wanafunzi watashangaa kuona jinsi wanavyotambua upande hata pale pigo linaposogea kwa sentimita chache tu.

2. Kutoka spika moja hadi sita

Spika moja hutoa sauti zote mahali pamoja. Mwaka 1931 mhandisi Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya EMI nchini Uingereza, aliomba hataza ya mfumo wa njia mbili, ambao leo tunauita stirio. Spika mbili zikitoa sauti ileile kwa nguvu sawa, msikilizaji aliye katikati huisikia kana kwamba inatoka mbele yake, mahali pasipo na spika yoyote. Lakini akisogea karibu na spika moja, sauti ya spika hiyo humfikia kwanza, na mwimbaji huonekana kuhamia upande huo.

Mfumo wa 5.1 huongeza spika. Kwa mujibu wa mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, spika moja huwa mbele kabisa, mbili kwenye pembe ya digrii 30 kulia na kushoto, na mbili nyuma kidogo ya masikio, kati ya digrii 100 na 120. Tarakimu 1 iliyo baada ya nukta ni njia ya sauti nzito sana. Spika yake yaweza kuwekwa karibu popote chumbani, kwa kuwa mtetemo wa mara 40 kwa sekunde una wimbi la urefu wa mita 8.6, na sikio haliwezi kutambua kwa urahisi upande unakotoka.

3. Mfano wa albamu moja

Hebu tuchukue mfano unaogusa historia yetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, na ulimwengu ukaja kumfahamu kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 1975 kundi lake la Queen lilitoa albamu iitwayo A Night at the Opera, yenye wimbo Bohemian Rhapsody. Katika sehemu ya katikati ya wimbo huo, waimbaji watatu tu, yaani Mercury, Brian May na Roger Taylor, walirekodi sauti zao tena na tena juu ya kanda yenye njia 24, hata zikasikika kama kwaya kubwa.

Mwaka 2002 albamu hiyo ilitolewa upya katika sahani ya DVD-Audio kwa njia 5.1. Hili liliwezekana kwa sababu kanda za awali zilikuwa zimehifadhi sauti hizo katika njia mbalimbali, na mchanganyaji aliweza kuipa kila njia mahali pake kumzunguka msikilizaji. Kama bendi nzima imerekodiwa kwa maikrofoni moja na njia moja, hakuna mashine inayoweza kurudisha kikamilifu nafasi ya kila mpigaji. Iwezalo kufanya ni kukisia tu. Huu ndio ukweli wa kwanza wa kumwambia mnunuzi: spika sita haziongezi habari ambayo haikurekodiwa.

4. Chumba nacho ni chombo cha muziki

Sasa tuseme sahani hiyo inachezwa katika darasa lenye sakafu ya saruji, kuta za matofali na dari ngumu, lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 168, na eneo la nyuso zake zote ni mita za mraba 202. Kanuni ya Wallace Sabine, mwanafizikia Mmarekani, yasema kwamba muda wa sauti kuendelea kuvuma chumbani baada ya kukatika ni 0.161 × V ÷ A, ambapo V ni ujazo na A ni uwezo wa chumba kumeza sauti.

Tukikadiria kwamba nyuso hizo humeza asilimia 5 ya sauti, A ni 10.1, na mvumo hudumu sekunde 2.7. Katika mvumo mrefu hivyo, sauti ya nyuma na ya mbele huchanganyika ukutani. Wakiingia wanafunzi 40, kila mmoja akimeza sawa na mita ya mraba 0.45, A huwa 28.1 na mvumo hushuka hadi sekunde 1 hivi. Kwa hiyo mapazia mazito, mazulia, magodoro na hata watu wenyewe vyaweza kuleta faida kubwa kuliko spika ghali. Ila wanafunzi hao 40 hawataisikia albamu kwa namna moja: ni yule tu aliyekaa katikati ya spika atakayezipata pande zote kama mchanganyaji alivyozipanga.

5. Tarakimu za usahihi

Sahani ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, huchukua sampuli 44,100 za wimbi kwa kila sekunde, na kila sampuli huandikwa kwa biti 16, yaani ngazi 65,536. Hisabati huthibitisha kwamba wimbi laweza kurudishwa kamili iwapo sampuli zinazidi maradufu ya mitetemo yake ya juu kabisa. Sikio la kijana husikia hadi kiasi cha mitetemo 20,000 kwa sekunde, na uwezo huo hupungua kwa umri. Basi CD imekwisha kuvuka mpaka wa sikio.

Biti 16 huleta tofauti ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa. Biti 24 huleta 144. Chumba tulivu kina desibeli kama 30. Ukijumlisha 96 unapata 126, sauti inayoumiza sikio. Ukijumlisha 144 unapata 174, jambo lisilotakiwa na mtu yeyote.

Majaribio nayo yamefanywa. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha matokeo ya majaribio 554 ambamo wasikilizaji hawakujua wanachosikia. Walipatia mara 276, karibu nusu kamili, kama mtu arushaye sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss alijumlisha tafiti 18 na kupata asilimia 52.3, tofauti ndogo lakini halisi, iliyoonekana zaidi kwa wasikilizaji waliopewa mafunzo. Haki inatutaka tuyataje yote mawili.

Hata hivyo, vipimo hivyo vikubwa vina mahali pake. Fundi anayechanganya njia nyingi, au anayenakili kanda ya zamani kabla haijaharibika, huhitaji nafasi ya ziada ya kusafisha kelele bila kuongeza makosa. Kwa hiyo sampuli 96,000 na biti 24 ni jambo la busara katika kuhifadhi muziki wa zamani wa redio zetu, ijapokuwa si la lazima kwa anayeusikiliza sebuleni.

Kwa ufupi, mpangilio wa umuhimu ni huu: kwanza jinsi wimbo ulivyorekodiwa, pili chumba, tatu mahali pa spika na pa msikilizaji, na mwisho kabisa tarakimu za sampuli na biti. Maandishi ya sanduku huzianza kwa kinyume, kwa sababu tarakimu ni rahisi kuuza kuliko ukimya wa chumba. Anayetaka kununua na asikilize kwanza huku amefumba macho, mtu mwingine akibadilisha vyombo na kuandika majibu.

Maswali ya darasani

(a) Bohemian Rhapsody huchukua sekunde 355. Kokotoa biti zinazohitajika kwa njia 6, sampuli 96,000 na biti 24, kisha ulinganishe na CD yenye njia 2.

(b) Mwanafunzi amepatia mara 8 kati ya 10 katika jaribio la kufumba macho. Onyesha kwamba anayebahatisha tu aweza kupata 8 au zaidi kwa uwezekano wa 56 kati ya 1,024. Je, ushahidi huo unatosha?

(c) Pimeni darasa lenu na mkadirie muda wa mvumo wake, likiwa tupu na likiwa limejaa.