Kabla ya kuambiwa gesi imekwisha, chunguza kidhibiti-joto

MAZIWA yaliyotiwa jokofuni jioni yanapokutwa yamechacha asubuhi, wengi hukimbilia kumwita fundi. Naye fundi asiye mwaminifu huwa na jibu tayari: gesi imekwisha.

Dai hilo lafaa kutiliwa shaka. Gesi ya jokofu huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa, wala haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kujaza nyingine bila kuziba tundu ni kutupa pesa.

Huenda kasoro iko kwenye kidhibiti-joto, au themostati, kile kifaa chenye kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa nambari. Katika majokofu ya kawaida, kifaa hicho kina mrija mwembamba uliojazwa gesi. Joto likipanda, gesi hiyo hutanuka na kuunganisha umeme, mota ikaanza kunguruma. Baridi ikitosha, hunywea na umeme ukakatika.

Nambari zile si vipimo vya joto. Wapo wanaozungusha kuelekea 1 wakidhani wanaongeza baridi, ilhali katika majokofu mengi nambari kubwa ndiyo baridi kali. Chakula chahitaji nyuzijoto 4 au chini yake. Ili kuhakikisha, kipimajoto hutiwa ndani ya gilasi ya maji na kuachwa kwenye rafu ya katikati usiku kucha.

Taa ikiwaka huku mota imenyamaza, kitufe kizungushwe polepole kutoka sufuri hadi nambari ya juu, sikio likitegwa. Mlio mdogo wa 'ta' ukisikika na mota isiamke, hitilafu huenda iko kwenye kompresa au kifaa cha kuiwasha. Usiposikika kabisa, themostati ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Jokofu lisilopumzika ni kisa kingine, na mara nyingi themostati husingiziwa bure. Karatasi ibanwe mlangoni. Ikichomoka bila kuvutwa kwa nguvu, mpira wa mlango umelegea. Barafu iliyorundikana nayo iyeyushwe kwa kuzima umeme. Wanaoikwangua kwa kisu hutoboa bomba, na hapo ndipo gesi hutoweka kweli.

Mahali pia pana neno. Jokofu lenye herufi N kwenye kibandiko limeundiwa chumba chenye nyuzijoto 16 hadi 32. La T hustahimili hadi 43. Lile la N, katika jikoni la Mombasa wakati wa kaskazi, litahangaika mchana kutwa. Kule Limuru mwezi wa Julai mambo huwa kinyume: baridi ya chumba huihadaa themostati, mota hulala, na nyama katika sehemu ya barafu huanza kuyeyuka.

Kubadilisha themostati ni kazi ya fundi, umeme ukiwa umechomolewa, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kompresa. Anayeng'ang'ania kujaza gesi aombwe kwanza aonyeshe inakovuja.