CHAMBO CHA KIZIBO: UFUNDI WA KUMWITA SAMAKI JUU YA MAJI

Samaki aitwaye besi hakuwako katika maji ya Kenya tangu asili. Aliletwa kutoka Marekani akatiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929, ili wapendao kuvua kwa mshipi wapate mchezo, na tangu hapo amekaa katika ziwa hilo, ingawa siku hizi samaki wengine wamemzidi kwa wingi. Ni samaki mlafi mwenye kinywa kipana, naye hula samaki wadogo, vyura, kamba wa maji baridi na wadudu. Asubuhi na mapema, na tena jua linapokuchwa, huja karibu na mafunjo akangoja. Kitu cho chote kidogo kikianguka juu ya maji na kutapatapa, hukirukia.

Desturi hii ya besi ndiyo iliyowafanya wavuvi wa Marekani kubuni chambo kisichozama. Mwanzoni mwa karne ya 20 fundi mmoja wa mji wa Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, aitwaye E. H. Peckinpaugh, alijulikana sana kwa vyambo vyake vya kizibo na manyoya. Chambo cha namna hii chenye uso uliochimbwa wavuvi hukiita popa, kwa sababu ya mlio wake. Mvuvi akivuta mshipi kwa ghafula, uso wa chambo husukuma maji na kulia kama kizibo king'olewacho katika chupa. Samaki huutambua mtikiso huo hata kabla ya kukiona chambo, maana ubavuni mwake pana mstari wa vitundu vidogo vya kuhisia mwendo wa maji.

Habari hii si ya wavuvi peke yao. Kenya ni moja ya nchi zinazofunga vyambo vya manyoya kwa wingi na kuviuza Ulaya na Marekani. Kazi hiyo ilianza kabla ya Uhuru, na wengi wa mafundi wake ni wanawake. Fundi aketiye Nairobi huenda asimwone besi maisha yake yote, lakini riziki yake hutegemea kinywa cha samaki huyo. Kwa hiyo yafaa ajue si namna ya kufunga tu, bali pia sababu ya kila kipimo.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Kwanza ni jiriwa ndogo ya kushikia ndoana, ili mikono yote miwili iwe huru. Pili ni ndoana zenyewe. Kwa besi hutumiwa ndoana namba 2 au namba 4, na kwa samaki wadogo namba 8 au namba 10. Asiyezoea akumbuke ya kuwa namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo. Ndoana bora kwa kazi hii ni ile yenye kikunjo katikati ya shina lake. Hapo zamani kizibo kilikuwa kikizunguka juu ya shina lililonyoka, na chambo kikageuka tumbo juu. Kikunjo hicho ndicho kinachokizuia.

Tatu ni kizibo. Kizibo cha kweli ni gome la mwaloni umeao katika nchi za Ureno na Hispania, nacho ni chepesi wala hakinywi maji upesi. Kiwe kisicho na mashimo mengi. Asiyekipata aweza kutumia sponji ngumu, kama ile ya kandambili zilizochakaa, ambayo huelea vizuri na hukatwa kwa wembe bila taabu. Mbali na hivyo pawe na uzi imara, gundi ya kuchanganya ya namna mbili, karatasi ya msasa, tupa ya mviringo, kipande cha msumeno wa chuma, rangi, vanishi, na manyoya ya shingoni mwa jogoo.

KUKATA NA KUCHIMBA KIZIBO

Kizibo cha ndoana namba 2 hukatwa kiwe na urefu wa milimita 20 hivi, na upana wa milimita 12 upande wa mbele. Upande wa nyuma huchongwa polepole kwa msasa mpaka uwe mwembamba. Uso wa mbele huchimbwa kwa ncha ya tupa ya mviringo, ukawa kama kijiko kidogo. Shimo likiwa na kina, mlio ni mkubwa. Likiwa na kina kidogo, mlio ni wa taratibu, nao hufaa siku ambayo maji yametulia na samaki ni waoga. Lakini ukingo wa shimo usiwe mwembamba mno, maana utavunjika chambo kitakapogonga jiwe au mti.

Kisha fundi akate mfereji tumboni mwa kizibo, kutoka mbele mpaka nyuma, kwa msumeno. Hapa ndipo wanaojifunza wanapokosea. Mtu hudhani ya kwamba akikata mfereji mpaka katikati ya kizibo, ndoana itashika zaidi. Itashika kweli, lakini kizibo kitashuka na kuziba nafasi iliyo kati ya shina na ncha. Besi atakimeza chambo, mvuvi atavuta, na ncha haitapata mahali pa kuingia. Samaki atakitema na kwenda zake. Kwa hiyo mfereji uwe na kina cha milimita 2 au 3 tu, ili shina lilale karibu na tumbo, na ncha ibaki wazi chini yake.

KUTIA GUNDI NA RANGI

Kabla ya kutia gundi, shina la ndoana lizungushiwe uzi kwa kubana, kutoka karibu na tundu mpaka karibu na pindo. Chuma kitupu ni laini mno, wala gundi haikishiki. Uzi ukiisha kufungwa, gundi ichanganywe kwa kipimo sawa, itiwe katika mfereji, na ndoana isukumwe ndani. Fundi aitazame kutoka mbele: ncha iwe chini kabisa ya katikati ya kizibo, isiegemee kulia wala kushoto. Kazi hii ifanywe karibu na dirisha lililo wazi, kwa sababu mvuke wa gundi na wa rangi hudhuru, na vumbi la msasa lisivutwe puani. Chambo kiachwe kikauke usiku kucha.

Siku ya pili mfereji uliobaki uzibwe kwa gundi, upigwe msasa, kisha ipakwe rangi nyeupe kwanza. Juu yake hupakwa rangi ya kijani, manjano au nyeusi. Mnunuzi dukani hupenda rangi za mgongoni, lakini samaki hutazama kutoka chini, akaona tumbo tu na kivuli chake. Kwa hiyo tumbo liwe na rangi ya kweli ya chura au mdudu, yaani nyeupe au manjano hafifu. Macho hufanywa kwa kichwa cha msumari: kwanza msumari mkubwa uliochovywa katika rangi ya manjano, na ikiisha kukauka, msumari mdogo uliochovywa katika nyeusi. Mwisho hutiwa vanishi mara mbili.

KUFUNGA MANYOYA

Manyoya hufungwa nyuma ya kizibo, juu ya sehemu ya shina iliyobaki wazi. Huchaguliwa manne yaliyo sawa kwa urefu, mawili kila upande, nayo hupangwa ili mipindo yake itazame nje. Yakivutwa majini hujikusanya, na yakiachwa hufunguka, kama miguu ya chura aogeleaye. Urefu wake usizidi mara mbili ya urefu wa kizibo. Manyoya marefu hupendeza mkononi, lakini yakirushwa hujisokota katika pindo la ndoana, na chambo huenda upande.

Baada ya mkia, unyoya mmoja laini huzungushwa mara tano au sita mahali pale pale, ukawa kama kola. Kisha uzi hufungwa kwa fundo, hukatwa, na fundo hupakwa vanishi. Wengine hupitisha nyuzi za mpira katikati ya kizibo kwa sindano, ziwe miguu. Miguu hiyo hutikisika hata chambo kikiwa kimetulia.

KUJARIBU KATIKA BESENI

Chambo kisiwekwe katika pakiti kabla ya kutiwa katika beseni la maji. Kilicho sawa huelea mkia ukiwa chini kidogo, na uso ukiwa nusu juu ya maji. Kikilala ubavu, ndoana haikukaa katikati. Kikipinduka, kizibo ni kikubwa kuliko uzito wa ndoana. Kikizama kinapovutwa, ukingo wa chini wa uso umetokeza mbele kuliko wa juu, na hapana budi upigwe msasa. Makosa haya yote hayaonekani mezani. Huonekana majini tu.

Tena vyambo huuzwa kwa dazeni, na hapa ndipo penye hasara kubwa. Mvuvi wa mbali aliyefungua pakiti, akaona kumi na kimoja ni vizuri na kimoja kinaelea ubavu, hamlaumu fundi mmoja. Hukataa pakiti nzima, na pengine hununua kwa watu wengine. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara hakamilishi chambo kimoja kimoja. Hukata vizibo kumi na viwili kwa siku moja, huvipima kimoja kwa kingine, hutia gundi vyote pamoja, na hupaka rangi vyote pamoja. Ndipo hufanana.

NAMNA YA KUKITUMIA

Mwenye kukitumia chambo chake mwenyewe awe na leseni ya uvuvi, tena abane kwa koleo kile kijino kilicho karibu na ncha, ili samaki mdogo aweze kurudishwa majini bila kuumizwa sana, na ili ndoana ikimchoma mtu itoke kwa urahisi. Akirushe chambo karibu na mafunjo, kisha asikivute. Angoje mpaka mawimbi yaliyozunguka chambo yatoweke yote. Ndipo avute mara moja kwa ghafula, aache tena. Mara nyingi besi hukirukia chambo kikiwa kimetulia, wala si kinapokwenda.

Lakini saa zimfaazo besi ndizo saa za kiboko pia. Katika Ziwa Naivasha viboko hutoka majini jioni kwenda kula majani, na hurudi alfajiri, nao wamewaua wavuvi. Mtu asisimame gizani kati ya maji na malisho yao, wala asiingize mashua katika njia zao ndani ya mafunjo ili kuokoa chambo kilichonasa. Aukate mshipi, akiache. Chambo kingine chaweza kufungwa.