Waacheni wahusika wajitambulishe wenyewe

Mwanafunzi anayeketi kuijibu karatasi ya Fasihi katika mtihani wa KCSE aghalabu hutakiwa aeleze sifa za mhusika fulani. Naye hujibu kwa orodha: ni katili, ni mwenye tamaa, ni msaliti, kisha chini ya kila sifa huweka ushahidi mmoja na kuhamia sifa inayofuata. Ni nadra sana kumwona akieleza ni katika hatua gani ya kisa msomaji aliigundua sifa hiyo, au msomaji huyo alikuwa akimdhania mhusika kuwa mtu wa namna gani kabla ya hapo. Kwake mhusika huzaliwa akiwa mtu mzima, sifa zake zote zimemning'inia shingoni mithili ya kitambulisho.

Nayasema haya kwa sababu ya tamthilia moja ya njozi, Avatar: The Last Airbender, iliyoanza kuonyeshwa na kampuni ya Netflix tarehe 22 Februari 2024. Tamthilia hiyo ina ndugu yake mkubwa, yaani katuni yenye jina lilo hilo iliyobuniwa na Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, ikaonyeshwa na stesheni ya Nickelodeon ya Marekani kuanzia Februari 2005 hadi Julai 2008, vipindi 61 kwa jumla. Wahusika wakuu ni wale wale na kisa ni kile kile. Kilichobadilika ni namna tunavyokutanishwa na wahusika hao mara ya kwanza, na badiliko hilo lina mengi ya kumfunza mwalimu wa fasihi.

Kwa asiyekijua kisa: ulimwengu umegawika mataifa manne, na katika kila taifa wamo watu wenye kipawa cha kuamuru ama maji, ama ardhi, ama moto, ama hewa. Avatar peke yake huviamuru vyote vinne, na ndiye mlinzi wa mizani baina ya mataifa hayo. Taifa la Moto limewavamia wenziwe, vita vimedumu miaka 100, na Avatar hajulikani aliko.

Katuni ya 2005 inaanzia majini, kwenye baridi kali ya ncha ya kusini. Katara na kaka yake Sokka wamo mtumbwini wakivua samaki, na wanagombana. Sokka anamdharau dada yake kwa kuwa ni msichana. Katara anapandwa na hasira, na kwa hasira hizo, bila kukusudia, anaupasua mwamba wa barafu ulio nyuma yake. Ndani ya barafu mnatoka mvulana wa miaka 12, Aang. Mtazamaji anatarajia shujaa atakayenena maneno mazito. Lahaula! Kijana anafumbua macho na kumwomba Katara waende wakateleze juu ya migongo ya pengwini.

Hiyo ndiyo picha yetu ya kwanza ya Aang: mtoto mpenda mchezo. Picha hiyo si ya uongo, bali ni pungufu, na upungufu wake umekusudiwa. Katika kipindi cha tatu Aang anarudi kwenye hekalu la watu wake, Wahamaji wa Hewa, akiwa na tamaa ya kuwakuta. Anachokikuta ni mifupa ya mlezi wake, mtawa Gyatso, na kando yake mabaki ya askari wa Taifa la Moto waliomwendea. Hapo ndipo tunapoanza kuutazama upya ule mzaha wa pengwini. Katika kipindi cha 12 ndipo anapomsimulia Katara kwamba hakupotea kwa bahati mbaya: alitoroka, baada ya kusikia kuwa watawa wanataka kumtenganisha na mlezi wake. Alitoroka wadhifa ambao hakuuomba, na huku nyuma watu wake wakauawa. Basi ule mchezo wake wote, kumbe, ulikuwa na kitu ndani yake.

Tamthilia ya 2024 haitaki tusubiri. Inafungulia miaka 100 nyuma: tunaonyeshwa mtawala wa Taifa la Moto akipanga shambulio, tunaonyeshwa Aang akiambiwa kuwa yeye ndiye Avatar, tunaonyeshwa hekalu likiteketea na Gyatso akiuawa. Aang mwenyewe hatoroki hasa; anaruka na nyati wake wa angani ili atulize mawazo, na tufani inamkuta huko. Baada ya hayo yote ndipo Katara na Sokka wanapomtoa barafuni. Gordon Cormier, kijana anayemwigiza Aang, anajitahidi kwa kadiri ya uwezo wake, lakini amepewa kazi ngumu: kutuchekesha baada ya sisi kushuhudia mauaji ya halaiki. Tunamtazama kwa huruma tangu dakika ya kwanza, na mhusika ambaye tumekwisha kumhurumia hana njia ya kutushtua. Wala isisemwe kwamba muda ulikuwa mfupi. Msimu wa kwanza wa katuni ulikuwa na vipindi 20 vya dakika 23 hivi. Huu mpya una vipindi 8 vinavyokaribia saa moja kila kimoja. Dakika hazitofautiani sana. Kilichopungua ni subira.

Tuje sasa kwa Zuko, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeundwa kwa ustadi mkubwa kuliko wote. Mara ya kwanza tumwonapo katika katuni amesimama sitahani mwa meli ya chuma. Ana umri wa miaka 16, kichwa amekinyoa na kubakiza kishungi, na kovu la moto limelifunika jicho lake la kushoto. Anafoka. Mjomba wake ameketi akicheza mchezo wa vigae na kumnasihi anywe chai ya yasmini ili atulie; naye anajibu kuwa haja yake si chai, haja yake ni kumkamata Avatar. Mtoto yeyote aliyelelewa kwa ngano anaijua alama hiyo. Katika hadithi nyingi, za kwetu na za ng'ambo, mwenye kilema usoni ndiye zimwi. Watungaji wanajua kwamba tunajua, nao wanatuacha tumhukumu.

Kisha kinafika kile kipindi cha 12. Iroh, mjomba mtu, anawasimulia mabaharia asili ya lile kovu. Zuko akiwa na miaka 13 aliingia katika baraza la vita, akamsikia jemadari mmoja akipanga kuitoa mhanga divisheni ya 41, iliyokuwa ya askari wapya, na akapinga. Kwa utovu huo wa adabu alitakiwa apigane. Alidhani atapambana na jemadari; kumbe aliyesimama mbele yake ni baba yake, Mfalme Ozai. Mtoto alipiga magoti akaomba radhi, akakataa kuuinua mkono dhidi ya mzazi wake. Baba alimchoma uso na kumfukuza nchini, asirudi ila na Avatar, mtu ambaye hakuonekana kwa karne nzima. Kovu tulilolisoma kuwa ni alama ya uovu ni stakabadhi ya wema.

Hapa sharti nimpe haki yake mtungaji wa tamthilia mpya, kwa sababu Zuko hakuharibiwa. Kisa cha kovu kimefichwa hadi kipindi cha sita, na kimeongezewa jambo zuri: mabaharia wa meli yake, ambao tangu mwanzo tumewaona wakimnung'unikia, wanatambua kwamba wao ndio ile divisheni ya 41. Wapo hai kwa sababu yake. Dallas Liu, anayemwigiza Zuko, hasemi mengi katika onyesho lile wanapompigia saluti, na hakuhitaji kusema. Badiliko hili linapita hata katuni. Limefaulu kwa kuwa mlango ulifungwa mpaka saa yake ilipowadia.

Iroh naye hakubahatika vivyo hivyo. Iroh wa 2005 alitujia akiwa mzee mnene, mpenda chai na usingizi. Kwa muda mrefu tulimcheka. Ilipita misimu karibu miwili kabla hatujaketi naye chini ya mti akimlilia mwanawe, Lu Ten, aliyeuawa Iroh alipokuwa ameuzingira mji wa Ba Sing Se kwa siku 600. Kisa hicho kilionyeshwa Septemba 2006, nacho kilitolewa kwa kumbukumbu ya Mako, mwigizaji aliyempa Iroh sauti, ambaye alifariki Julai ya mwaka huo. Uchungu wake unatoka katika kicheko chetu cha awali. Tamthilia mpya inatupeleka kwenye mazishi ya Lu Ten katika kipindi cha nne tu. Onyesho lenyewe ni la heshima, Zuko ameketi kando ya mjomba wake bila neno, ila hatujamcheka Iroh kiasi cha kuona haya.

Sokka ndiye aliyenyang'anywa zaidi. Kabla ya tamthilia kuonyeshwa, baadhi ya waigizaji waliwaeleza waandishi wa habari kwamba ile dharau yake kwa wanawake imepunguzwa. Nia ilikuwa njema. Lakini katika katuni dharau ile ndiyo iliyompeleka kwenye kipindi cha nne, ambamo anashindwa na msichana Suki mbele ya macho ya watu, kisha anarudi, anapiga magoti, na kuomba afunzwe kupigana, akiwa amevaa vazi lao na rangi zao usoni. Ukimwondolea mtu kosa lake, umemwondolea na toba yake.

Sasa turudi darasani. Miongozo ya vitabu teule huuzwa dukani kando ya riwaya na tamthilia zenyewe, na mwanafunzi mwenye haraka huusoma mwongozo kwanza. Wengine huishia hapo. Mwongozo humwambia, kabla hajafungua ukurasa wa kwanza wa riwaya, kwamba fulani ni mnafiki na fulani atajirudi mwishoni. Anapokutana na mnafiki huyo akitabasamu katika sura ya pili, tabasamu halimdanganyi. Mtunzi aliyetaabika kuliunda tabasamu hilo amefanya kazi ya bure. Tunawafunza wanafunzi tofauti ya mhusika bapa na mhusika duara, tofauti iliyotoka kwa Mwingereza E. M. Forster mwaka wa 1927, huku tukiwapa miongozo inayombapaza kila mhusika. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Lakini fundi aliuweka mlango kwa makusudi, na anayepitia dirishani hawezi kueleza nyumba ilivyojengwa.

Mwalimu mwenye vifaa anaweza kulijaribu hili kwa gharama ndogo. Awaonyeshe wanafunzi wa Kidato cha Pili yale maonyesho ya mwanzo ya katuni, meli na kovu na chai ya yasmini, kisha asimamishe hapo. Kila mmoja aandike sifa tatu za Zuko na ushahidi wake. Karatasi zikusanywe, zisisahihishwe. Wakishakitazama kipindi cha 12, kila mwanafunzi arudishiwe karatasi yake, na swali liwe moja: ni kipi mtungaji alichokuonyesha, na kipi alichokuficha, hata ukaandika ulivyoandika?